Ya Kwanza Hapana Gusa

Niliwahi kusema mbele ya watu kwamba yule Mwalimu hajui kitu. Nilisema kwenye kibanda cha chai nje ya kituo chetu cha mafunzo, Nyakuron, kikombe mkononi, sauti nimeipandisha makusudi. Waliokuwepo walicheka kwa adabu, kisha wakanyanyuka mmoja mmoja kuwahi kipindi chake. Nikabaki na mama muuza chai. Hata yeye, huku anasuuza vikombe, akaniuliza, "Madam, leo Ustaz iko nafundisha nini?"

Ustaz. Yeye, mgeni aliyevuka mpaka kutoka Uganda na begi moja, alikuwa Ustaz. Mimi, mwenye nchi, mwenye cheti cha Nairobi chenye muhuri wa rangi mbili, nilikuwa Madam, jina ambalo hapa Juba hupewa hata mwanamke anayeuliza bei ya sabuni. Tulifundisha jambo lile lile, kuhariri picha na video kwa kompyuta, katika vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta wa mbao nyembamba. Kila kicheko cha darasa lake nilikisikia. Kuna wiki nilivihesabu, nikaandika hesabu yenyewe nyuma ya daftari la mahudhurio.

Watu wake ni akina nani na alizaliwa kijiji gani, sikumuuliza, na angeniambia ningesahau kwa kusudi. Ninachokijua ni nilichokiona katika miaka sita ya kumtazama kwa kijicho, na niwaambie, anayemtazama mtu kwa kijicho hapitwi na kitu.

Alikuwa mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu, hivi kwamba akikaa ulimwona mtu mkubwa, na akisimama ulishangaa amekwenda wapi. Alivaa koti la suti la kahawia hata katika joto la Februari ambapo sisi wengine tulikuwa tunatafuta pa kujimwagia maji. Shingoni alining'iniza flashi yake kwa kamba ya kiatu. Aliogopa jenereta, ilipobidi kuwashwa alitoka nje kabisa, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka aitwe. Na yeye aliyekuwa akihubiri subira mchana kutwa, chai aliinywa ikiwa bado inatokota, kisha akakaa na ulimi nje akiupepea kwa daftari.

Hakupenda kupigwa picha. Kila mwisho wa kozi wanafunzi walijipanga ukutani kwa picha ya pamoja, na kila mara yeye ndiye aliyeshika kamera. Nilidhani ni maringo. Nilimwambia Keji, mwanafunzi wangu bora wakati ule, "Anajifanya mnyenyekevu ili mumbembeleze." Keji akaenda kujipanga na wenzake.

Sasa niseme jinsi alivyofundisha, maana hapo ndipo donge lilipokaa. Hakugusa mausi ya mwanafunzi. Mikono aliifunga nyuma ya mgongo, akasimama nyuma ya kiti chako, akakupumulia tangawizi. Ukikwama ukamgeukia, alisema, "Hapana angalia mimi. Mimi hapana iko ndani ya kompyuta." Ukimwomba akuoneshe mara moja tu, alirudi hatua moja nyuma, mikono pale pale. Mimi nilifundisha kwa kushika mausi mwenyewe. Wanafunzi wangu waliona maajabu yakipita kwenye skrini, wakapiga makofi, kisha wakarudi kwenye mashine zao wasijue pa kuanzia. Nilipenda yale makofi.

Umeme ulipokatika, na mafuta ya jenereta yakawa hayapo, mimi niliaga darasa nikaenda zangu. Yeye alikuwa na kibodi za katoni. Alikata maboksi ya maji ya chupa, akachora juu yake kila kitufe kwa kalamu nyeusi, akampa kila mwanafunzi lake. Walikaa kwenye kiza cha chumba kile, yeye anaita, "Rudisha nyuma! Kata klipu! Hifadhi!" nao wanagonga katoni kwa vidole, vicheko vinapasua mbao. Nilipita mlangoni siku moja nikamwona Keji wangu kwenye kiti cha pembeni, katoni mapajani. Alikuwa ameniaga kwamba anaumwa kichwa.

Wiki iliyofuata akahamia kwake moja kwa moja. "Malesh, Madam," aliniomba radhi, akiwa ameshika daftari kifuani. "Kwako naona. Kwa Ustaz nafanya." Nilimwambia hakuna shida. Nikaingia chooni nikalia, na nilipotoka nililaumu vumbi.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa moja, na aliiandika ukutani kwa herufi za ukubwa wa kiganja: YA KWANZA HAPANA GUSA. Maana yake ni kwamba picha au video ikiletwa, kabla hujaifungua, unaitengenezea nakala. Ile ya mwanzo unaiweka kwenye folda yake, na hakuna anayeigusa tena, hata ikiwa mbaya, hata ikiwa na giza, hata mwenyewe akikwambia futa. Kisha unakaa mikono juu ya magoti, unaitazama nakala dakika tano bila kufanya lolote. Dakika tano kamili, saa mkononi! Kituo chetu kilikuwa na kompyuta saba na nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ya kugombania, na yeye alijaza picha mbovu za watu. Nililalamika mara mbili kwa mudir, mkuu wa kituo. Mudir, mzee mmoja mpole aliyependa amani kuliko haki, alisema atalifikiria.

Cha ajabu ni kwamba faili zake mwenyewe zilikuwa vurugu tupu. Aliziita majina kama "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho ya ukweli". Ila ile folda moja, ya picha za kwanza, ilipangwa kwa siku na jina la mwenye picha, na hakukosea hata siku moja.

Mimi niliidharau kanuni hiyo kwa sababu nilikuwa na picha yangu ya kuipinga. Ilining'inia New Site, nyumbani kwa mama yangu, ukutani juu ya redio: picha ya baba. Baba alibaki huku vita vilipotupeleka Uganda, mimi nikiwa mgongoni, na hakutufuata. Picha yake iliyobaki ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, ukubwa wa kidole gumba, imekunjamana, ina kutu ya pini na mikwaruzo kibao. Nilipokuwa Nairobi niliiingiza kwenye kompyuta, nikaikwangua mikwaruzo yote, nikaondoa kutu, nikampa suti na tai, nikamkuza mpaka akawa na ukubwa wa dirisha. Nilihifadhi juu ya ile ile. Ile mbovu niliitakia nini? Kitambulisho chenyewe kilipotea baadaye, vita vilipotukimbiza mara ya pili. Ni kwa picha hiyo nilipata kazi pale kituoni. Mudir aliitazama akasema, "Huyu ni fundi." Kila darasa jipya niliwaonesha siku ya kwanza. Nikiwa na baba yule mwenye uso laini nyuma yangu, hakuna Ustaz aliyenitisha.

Basi ikaja familia moja ya mtaa wa Gudele iliyofiwa na babu. Walileta flashi yenye picha kama ishirini, wakitaka bango kubwa la matangani na karatasi za ibada. Mudir alinipa mimi, nami nilitaka kuonesha kasi. Nilikuwa nimetengeneza amri moja ya mkupuo: unabonyeza mara moja, picha zote zinapita, ngozi inasafishwa, mwanga unapanda, kwisha. Nilibonyeza nikaenda kunywa chai. Zikahifadhiwa juu ya zile zile. Nikazirudisha kwenye flashi yao, bango likachapwa, likapelekwa.

Yule babu alikuwa na chale za paji la uso, ile mistari ambayo kwa watu wake kijana hukatwa siku anapohesabiwa mwanamume. Amri yangu ilizifuta zote. Katika bango la mita mbili, mbele ya waombolezaji, mzee wa miaka themanini alikuwa na paji la mtoto.

Niliambiwa yaliyotokea. Kaka wa marehemu alisimama mbele ya bango, akauliza kwa sauti, "Huyu mtoto ni nani, na ndugu yangu mmemweka wapi?" Mjane aliingia ndani akatoka na mlaya, shuka lake la kutariziwa maua, akalifunika bango. Watu wawili walikuja kituoni mchana ule ule. Hawakupiga kelele. Walisema tu wanataka uso wa baba yao, na nakala nyingine hawana.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu akatoka chumbani kwake, koti limefungwa vifungo vyote, akawauliza jina la marehemu. Akaenda kwenye kompyuta yake. Flashi ile ilipofika asubuhi, kabla haijanifikia, yeye alikuwa ameshaipitisha kwenye folda yake, kama alivyofanya kwa kila kitu kilicholetwa kituoni. Babu alikuwamo, na mistari yake yote.

"Mashine ilikosea," akawaambia wale watu. "Programu nafikiri chale ni uchafu. Hapana kosa ya mtu." Hakunitazama. Alipeleka bango jipya mwenyewe kwa miguu, na nasikia alikaa matangani mpaka jioni.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilisema asante, kweli, nikampa mkono, na huku namshika mkono moyo unafuka moshi. Kuokolewa na mtu unayemwonea wivu ni adhabu, na yeye hata hakujua kwamba ananiadhibu.

Lakini kilichonivunja hasa hakikuwa hicho. Kabla bango jipya halijatoka, niliona picha mbili za yule babu pamoja kwenye skrini, kabla na baada. Niliona kile ambacho brashi ya kompyuta, ile ya kusafishia picha, hukiita mkwaruzo. Nikakumbuka mikwaruzo niliyoikwangua kwenye picha ya baba: ilivyopinda pamoja juu ya nyusi, ilivyolingana. Mimi nimelelewa na watu wa mama, ambao hawachanji. Watu wa baba sikuwahi kukaa nao. Nilikuwa nimeiona kama karatasi iliyochakaa.

Nilifika New Site sijui kwa miguu ipi. Mama alikuwa anachambua dengu. Nilimuuliza, "Mama, baba alikuwa na chale?"

Aliendelea kuchambua. "Alikuwa nayo."

"Na ile picha?"

"Ile si baba yako. Ile ni kijana tu, na suti."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ya biniya, binti yangu," akasema, "wewe ilikuja na hiyo picha, unacheka, unaruka. Mimi niseme nini?"

Alikuwa amekaa miaka tisa chini ya uso wa mtu mwingine kwa ajili ya furaha yangu. Alisema anaikumbuka mistari, kila mmoja, ulipoanzia na ulipoishia. Ningeweza kwenda kwa Mwalimu kesho yake. Alikuwa chumba cha pili! Lakini ningesemaje? Kwamba mimi, fundi, nilimfuta baba yangu, na ya kwanza sina? Nilijaribu peke yangu, nikachora nikafuta, nikachora nikafuta. Kila nilichokichora kilikuwa mwanasesere. Sikumwonesha mama hata kimoja.

Na badala ya kumwomba, nikamchimba. Ndiyo, nilifanya hivyo. Palitangazwa kwamba kituo kitapata mkuu wa mafunzo, na kila mtu alijua atakuwa nani. Nikaingia kwa mudir, nikafunga mlango, nikamwambia kwa sauti ya kusikitika kwamba nasikia Mwalimu hana cheti chochote. Ilikuwa kweli. Ukweli ule niliutumia kama ufagio. Mudir aliguna, akafikiria, na wiki mbili baadaye Mwalimu aliondoka na begi lake na katoni zake chini ya kwapa. Nikawa mkuu wa mafunzo. Keji na wenzake watano waliondoka mwezi huo huo. Maandishi ya ukutani nilitaka yapakwe rangi, lakini kila nilipomwita fundi wa rangi nilipata sababu ya kumrudisha.

Mwaka ukapita. Nilikuwa na kiti, nilikuwa na ufunguo, na upande wa pili wa mbao palikuwa kimya. Kisha mama akaanza kumwaga chai nje ya kikombe. Daktari alimwangalia, akasema macho yanakwenda, moja limeshakwenda nusu, na lingine halitangoja sana. Usiku huo sikuwaza dawa peke yake. Niliwaza kwamba duniani amebaki mtu mmoja anayeujua uso wa baba, na karibuni hataweza kuniambia kama nimeupata au nimeukosa.

Asubuhi nilimshika mama mkono, tukaenda Gudele, nilikosikia Mwalimu amefungua darasa lake.

Haikuwa shida kumpata. Unauliza tu Ustaz wa kompyuta. Alikuwa na chumba cha mabati nyuma ya kinyozi, kompyuta tatu, kibodi za katoni zimepangwa ukutani, na Keji akifundisha wawili pembeni. Koti lilikuwa lile lile. Aliponiona alisimama, lakini kiti alimvutia mama kwanza.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yalitoka haya: "Mwalimu, aliyekwenda kwa mudir ni mimi."

"Mimi iko najua," akasema. "Mudir alinionesha cheti yako. Akasema, lete moja kama hii." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Iliniuma, Madam. Nasema ukweli, iliniuma sana. Sasa kaa. Mama iko na jua machoni, funga hiyo pazia."

Nikampa flashi. Aliichomeka, akamtazama yule kijana wa suti, akauliza swali ambalo nililiogopa kuliko yote, na aliliuliza bila ubaya, kama alivyomuuliza kila mtu.

"Ya kwanza iko wapi?"

Keji aligeuka. Wanafunzi wale wawili wakageuka. Nikasema, "Sina. Nilihifadhi juu yake."

Hakutikisa kichwa wala hakuguna. Akainakili picha ile ile kwenye folda yake, akaandika siku na jina la baba yangu, herufi kwa herufi nilivyomtajia. "Kalas, basi. Hii sasa ndiyo ya kwanza," akasema. Kisha akachukua chaki, akamwekea mama mkononi. "Mama, hapana tumia macho. Mkono iko nakumbuka."

Mama aliuliza achore wapi. Kisha akacheka mwenyewe, akanivuta kwa shingo kama mtoto anayenawishwa. "Paji ya baba yake ndiyo hii," akasema. Akanichora, mstari kwa mstari, akisita, akirudi, akifuta mmoja kwa mate na kuuanza upya. Nilifumba macho. Keji akanipiga picha kwa simu, mbele na pande zote mbili.

Nilinyanyuka nimpishe Mwalimu kiti. Hakusogea. Mikono ilikuwa imeshakwenda nyuma ya mgongo.

"Mwalimu, tafadhali," nikamwambia. "Wewe unaweza. Mimi nimejaribu mwaka mzima."

"Hapana iko baba yangu," akasema.

Nikakaa. Kwanza mikono juu ya magoti, dakika tano, chaki inaniwasha usoni. Kisha nikaanza. Nilipovuta mstari ulionyooka mno, nilisikia tangawizi begani: "Ngozi iko nainama. Fuata ngozi." Nilipoharakisha: "Nani nakukimbiza?" Nilipogeuka kumtazama, alinionesha mama kwa kidevu. Mchana wote ulipita hivyo. Na pale, kwenye kiti kibovu cha mwanafunzi, nilielewa kitu nilichopaswa kukijua tangu kibanda cha chai. Wanafunzi wake sikutaka kumnyang'anya. Niliwaonea wivu wao. Nilitamani kusimamiwa hivi, na mtu wa kusubiri mpaka niweze.

Nilipomaliza tulimsogeza mama. Aliweka uso karibu kabisa na skrini, pua ikagusa kioo, jicho lile lenye nafuu likatembea juu ya paji, kushoto kwenda kulia. Kisha akaongea, si nasi, kwa Kiarabu chake cha Juba, kwa sauti ya mke anayemfungulia mlango mume aliyechelewa.

"Ita kan wen?"

Ulikuwa wapi?

Alipapasa hewani akitafuta mkono wa kushukuru. Nikamnyooshea wangu. Aliupita, akaupata wa Mwalimu, akaushika kwa mikono yake miwili, akaubusu, akamwita mwanangu, akamwombea kwa Mungu baraka moja baada ya nyingine mpaka watu wa kinyozi wakachungulia.

Hakugusa mausi hata mara moja yule mtu. Hata mara moja! Nami nimesimama pale, chaki usoni, machozi yanatiririka, na Mungu anisamehe, nikaona wivu.